Namba ya kipuri: namna ya kutumia katalogi ya kompyuta kuagiza spea sahihi ng'ambo ya mpaka

Lori likiharibika Tunduma, Malaba au Rusumo, gharama yake si bei ya spea peke yake. Kuna siku ambazo gari limelala, posho ya dereva na utingo, ada ya maegesho, na mzigo wa mteja unaosubiriwa Lubumbashi, Kampala au Kigali. Spea ikifika ikawa siyo yenyewe, gharama zote hizo huanza kuhesabiwa upya, na aliyeiuza yuko mji mwingine au nchi nyingine.

Mara nyingi kosa hilo hutokea kwa sababu kipuri kiliagizwa kwa jina badala ya namba. Kila mtengenezaji wa magari hukipa kila kipuri namba yake, na namba hiyo hupatikana katika katalogi ya vipuri ya kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita EPC. Zamani katalogi hizi zilikuwa mali ya wakala rasmi peke yake. Leo mwenye Probox moja, mwenye malori matatu au muuza spea wa mpakani anaweza kuzisoma kwenye simu. Makala haya yanaeleza zinavyofanya kazi, zinavyosomwa, na mahali ambapo msaada wake unaishia.

Kwa nini jina halitoshi

Majina ya vipuri hubadilika kila unapovuka mpaka. Fundi wa Mbeya akisema shokapu, mwenzake wa Nairobi atasema shoki, na aliyejifunza kazi kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura atasema amortiseri. Wote wanazungumzia kitu kimoja, lakini jina halisemi ni cha mbele au nyuma, kulia au kushoto, wala ni cha gari la mwaka gani.

Jina la gari nalo halitoshi. Toyota Probox ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ilitoka na injini zaidi ya moja. NCP50 ina injini ya 2NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,298, na NCP51 ina 1NZ-FE ya 1,496. Silinda za injini zote mbili zina kipenyo cha milimita 75, hivyo mtu akipima kipenyo tu atadhani ni injini moja. Lakini mwendo wa pistoni ni milimita 73.5 kwa ile ndogo na 84.7 kwa ile kubwa, na krenkshafti ya moja haifai kwa nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa Mitsubishi Canter. Injini ya 4D32 ina silinda za kipenyo cha milimita 104, na ya 4D33 ina milimita 108. Aliyeagiza "gasketi ya silinda hedi ya Canter" bila kutaja injini amecheza bahati nasibu. Kwa Hiace ya toleo lililoanza mwaka 2004, KDH200 ni dizeli ya lita 2.5, KDH201 ni dizeli ya lita 3.0, na TRH200 ni petroli ya lita 2.0. Kwa nje ni basi dogo lile lile.

Jambo la nne ni upande wa usukani. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Raki ya usukani na taa kubwa za mbele za gari la upande mmoja hazifai kwa la upande mwingine, kwani hata mwanga wa taa umepangwa usimpige usoni dereva anayekuja. Anayenunua Dar es Salaam kwa ajili ya mteja wa Bujumbura hana budi kuliuliza hili kabla ya kulipa.

Katalogi ni kitu gani

Katalogi ya vipuri ni orodha ya kila kitu kilichofungwa kwenye gari, ikiambatana na michoro inayoonyesha vipuri vimetawanywa kwa mpangilio wake. Kila kipuri kwenye mchoro kina alama, na alama hiyo inakupeleka kwenye jedwali lenye namba ya kuagizia, idadi inayotumika kwenye gari moja na maelezo mengine.

Hapo zamani orodha hizi zilikuwa vitabu vinene, baadaye filamu ndogo zilizosomwa kwa mashine maalumu. Katika miaka ya 1990 zilihamia kwenye CD, kisha DVD, na sasa nyingi zinapatikana kwa intaneti. Kila kampuni ina yake. Toyota ina EPC, Nissan ina FAST, kundi la Volkswagen na Audi lina ETKA, BMW ina ETK. Kwa upande wa malori, Scania ina Multi na Volvo Trucks ina Impact. Microcat hutumiwa na mawakala wa kampuni kadhaa za magari.

Aina ya pili ni katalogi za vipuri mbadala. Inayojulikana zaidi ni TecDoc, iliyoanzia Ujerumani mwaka 1994. Hii huorodhesha vipuri vya watengenezaji wengi wa vipuri na kuvioanisha na namba za watengenezaji wa magari. Ukiwa na namba ya kampuni ya gari, unaweza kuona ni namba gani ya kampuni nyingine inayolingana nayo.

Programu rasmi hulipiwa na huuzwa kwa mawakala na gereji. Kuna pia tovuti za wauza vipuri, hasa za Japani na Falme za Kiarabu, zinazoruhusu mtu yeyote kutafuta kwa namba ya chesisi bila malipo zikitumaini atanunua kwao. Kwa mwenye gari la kawaida, hizi zinatosha kupata namba. Ziko pia CD za kunakiliwa zinazouzwa mitaani. Nyingi ni za miaka ya zamani, hazina magari mapya wala namba zilizobadilishwa, na si ajabu zikaingiza virusi kwenye kompyuta.

Anza na namba ya chesisi

Katalogi haijui gari lako mpaka uipe namba ya chesisi. Isome kwenye gari lenyewe, si kwenye kadi ya gari tu, kwa sababu makosa ya kunakili wakati wa usajili yapo. Tafuta kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango, kisha ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye chuma. Piga picha vyote viwili.

Namba hizi ziko za aina mbili. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la dunia yana namba yenye herufi na tarakimu 17, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 3779. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika namba hii ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo mtu akikutumia namba ya tarakimu 17 yenye herufi O, jua amekosea kusoma, hiyo ni sifuri.

Herufi tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji. Namba nyingi za Toyota zilizoundwa Japani huanza na JT, na za Toyota zilizoundwa Afrika Kusini huanza na AHT. Kwa malori, YS2 ni Scania ya Sweden, XLE ni Scania ya Uholanzi, YV2 ni Volvo ya Sweden, WMA ni MAN, XLR ni DAF, na LZZ ni Sinotruk ya China. Kwa Scania, tarakimu saba za mwisho ndizo namba ya chesisi inayotumika kutafutia kwenye Multi.

Aina ya pili ni magari yaliyouzwa ndani ya Japani na kuja kwetu yakiwa yametumika. Hayana namba ya tarakimu 17. Yana namba fupi yenye jina la muundo, kistari, na namba ya mfululizo, kwa mfano NZE121 kisha kistari na tarakimu saba. Usijaribu kuijaza ifike 17. Kuna tovuti zinazokataa namba fupi, na hapo ni kutafuta tovuti au sehemu ya katalogi inayohusu soko la Japani.

Kibati cha Toyota hubeba zaidi ya namba ya chesisi. Kina namba kamili ya muundo, injini, namba ya rangi na ya vitambaa vya ndani, na namba za giaboksi na ekseli. Anayetafuta difu, propela shafti au rangi ya kupaka bampa atahitaji mistari hiyo. Kwa mfano, rangi 040 ya Toyota ni nyeupe, lakini 058 nayo ni nyeupe, na zikipakwa jirani tofauti inaonekana.

Hatua kwa hatua

Mfano ufuatao ni wa Toyota, kwa kuwa ndiyo wengi wanayo. Katalogi za kampuni nyingine hufuata njia inayofanana.

Kwanza, chagua soko. Katalogi ya Toyota imegawa dunia katika Japani, Ulaya, Marekani na Kanada, na soko la jumla linalojumuisha Afrika na Ghuba. Hiace iliyotoka Japani ikiwa imetumika itafutwe soko la Japani, hata kama imekuwa ikitembea Arusha kwa miaka kumi. Land Cruiser iliyonunuliwa mpya kwa wakala wa Afrika Mashariki itafutwe soko la jumla. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani gari la jina moja la masoko mawili linaweza kutofautiana breki, springi au mfumo wa mafuta.

Pili, andika namba ya chesisi na usome majibu kabla ya kuendelea. Programu itakuonyesha injini, giaboksi na mwezi wa kuundwa. Vikipingana na kilichopo kwenye gari, ama namba imekosewa au gari limebadilishwa.

Tatu, ingia kundi la kipuri. Toyota hugawa gari katika makundi manne: injini na mfumo wa mafuta, giaboksi, ekseli na chesisi, bodi, na umeme. Pedi za breki ziko kundi la pili, rejeta kundi la kwanza, taa kundi la nne.

Nne, fungua mchoro na utafute umbo la kipuri chako. Hata asiyejua Kiingereza atakitambua, kwani kimechorwa kikiwa katikati ya majirani zake. Bonyeza alama yake.

Tano, soma jedwali lote, si mstari wa kwanza peke yake. Mara nyingi kipuri kimoja kina namba mbili au tatu, na kinachozitenganisha ni tarehe ya kuundwa gari. Tarehe huanza na mwaka, hivyo 200608 maana yake ni Agosti 2006. Gari la Septemba 2006 halichukui kipuri kilichoishia 200608. Kuna pia safu ya maelezo inayotaja aina ya giaboksi, ukubwa wa rimu au kuwepo kwa ABS.

Sita, angalia upande. RH ni kulia na LH ni kushoto, na vinahesabiwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Anayesimama mbele ya boneti akiangalia injini ataona kinyume, na hivyo ndivyo taa ya kushoto inavyonunuliwa badala ya kulia.

Saba, tazama kama namba imebadilishwa. Kampuni ikirekebisha kipuri huitoa namba ya zamani na kuweka mpya. Katalogi itaonyesha mpya. Muuzaji akisema namba uliyompa haipo, muulize kama ipo iliyoirithi, kabla ya kukubali "inayofanana nayo".

Nane, hesabu vidogo vinavyoandamana. Mchoro wa pampu ya maji utaonyesha gasketi yake, wa hab utaonyesha sili na pini ya kugawanyika. Lori likiwa Kasumbalesa, kukosa sili ndogo kunalaza gari sawa na kukosa beringi yenyewe. Agiza vyote kwa pamoja.

Namba inasema nini

Mwenye kuzoea namba hugundua kwamba zina mpangilio. Namba ya Toyota ina sehemu mbili za tarakimu au herufi tano tano. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kipuri, ya pili hutaja ni cha gari gani. 04465 ni pedi za breki za mbele, 17801 ni filta ya hewa, 16100 ni pampu ya maji. 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto. Plagi ziko katika 90919 na filta za oili katika 90915.

Faida yake kwa mnunuzi ni kwamba anaweza kugundua kosa kabla ya kulipa. Ukiagiza pedi za mbele na ankara ikaja na namba inayoanza na 04466, hizo ni za nyuma. Ukiagiza shokapu mbili za mbele na zote zikawa 48510, umeletewa za kulia mbili.

Nissan nayo hutumia tano kwa tano, na filta zake za oili huanza na 15208. Namba ya Mercedes huanza na A ikifuatiwa na tarakimu kumi, na kwa vipuri vya injini tarakimu tatu za mwanzo mara nyingi hutaja familia ya injini. Kwa Actros zenye injini ya OM501, vipuri vingi vya injini huanza na A 541. Kwa HOWO ya Sinotruk, namba nyingi za chesisi na ekseli huanza na WG, na za injini huanza na VG.

Tahadhari moja: namba iliyochomoza kwenye chuma cha kipuri kilichokufa si lazima iwe namba ya kuagizia. Mara nyingi ni namba ya kalibu iliyotumika kusubu chuma hicho, na kalibu moja hutoa vipuri zaidi ya kimoja. Itumie kulinganisha tu, si kuagizia.

Mahali ambapo katalogi haifiki

Katalogi inajua gari lilivyotoka kiwandani. Haijui lilivyotengenezwa Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka. Injini ikiwa imebadilishwa, fuata namba ya injini iliyopo, siyo ya chesisi. Vivyo hivyo kwa gari lililohamishiwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Namba ya chesisi itakupa raki ya upande wa zamani. Mnunuzi wa gari lililotumika ni vyema afanye ukaguzi huu siku ya kwanza na kuandika daftarini nini si cha kiwandani.

Trela nayo haimo kwenye katalogi ya kichwa. Ekseli zake zina mtengenezaji wake, mfano BPW au SAF, na zina kibati chake chenye aina na namba. Bila kibati hicho, beringi na breki za trela hununuliwa kwa kupima. Chemba za breki za upepo hutajwa kwa ukubwa, kama 20, 24 au 30, yaani eneo la kusukuma kwa inchi za mraba. Chemba ya 24 ikifungwa upande mmoja na ya 30 upande wa pili, ekseli itashika breki bila usawa.

Aidha, katalogi haisemi gari linaumwa nini, wala nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Hayo yako kwenye kitabu cha ukarabati cha gari husika. Mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe anaweza kubadilisha filta, plagi, balbu, vipanguzi na mkanda wa feni akiwa na vifaa vya kawaida. Pedi za breki zinawezekana kwa aliyefundishwa, na baada ya kuzifunga kanyagio lisukumwe mara kadhaa mpaka liwe gumu kabla gari halijaondoka, vinginevyo mara ya kwanza kukanyaga halitashika. Mifuko ya hewa ya usalama, ABS, nozeli za dizeli za mfumo wa komoni reli, valvu za breki za upepo na usukani waachiwe mafundi wenye vifaa. Kuwa na namba sahihi si kuwa na ujuzi wa kuifunga.

Orijino, mbadala na feki

Namba haithibitishi ubora. Mtu anaweza kuchapisha namba sahihi kwenye boksi la kitu kibovu. Sokoni kuna ngazi nne, na ni vyema zitofautishwe kwa sababu bei na sheria zake ni tofauti.

Ya kwanza ni kipuri kilicho kwenye boksi la kampuni ya gari. Ya pili ni cha kampuni inayovitengeneza kwa ajili ya viwanda vya magari, kama Denso, Aisin, KYB, NGK, Bosch au ZF, kikiuzwa kwa jina lake yenyewe na mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya kwanza. Ya tatu ni mbadala wa kampuni nyingine yoyote inayouza kwa jina lake. Hivi ni halali, na ubora wake hutegemea kampuni. Ya nne ni feki, yaani kitu kinachobeba jina la kampuni isiyokitengeneza.

Kwa mfanyabiashara, ngazi ya nne ni hatari ya mtaji mzima. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani. Mzigo unaweza kukamatwa na kuteketezwa hata kama mwenye nao alinunua bila kujua. Katalogi husaidia kwa sehemu. Namba iliyo kwenye boksi ikiwa haipo kwenye katalogi, au ikawa ya kipuri kingine, hiyo ni dalili ya kuacha kununua.

Namba ya kipuri na karatasi za forodha

Wengi hudhani spea zote za magari huingia katika fungu moja la ushuru, 8708. Sivyo ilivyo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, shokapu, klachi na rejeta zimo 8708. Lakini filta ya oili iko 8421.23, filta ya hewa ya injini 8421.31, plagi 8511.10, taa 8512, beringi 8482, pistoni na ringi zake 8409, krenkshafti 8483, na mikanda ya mpira 4010.

Ankara iliyoandikwa "assorted spare parts" humlazimisha ofisa wa forodha kufungua maboksi na kukadiria. Ankara yenye namba ya kipuri, jina, idadi, bei na nchi kilikotengenezwa humpa wakala wa forodha kitu cha kutetea. Ukurasa wa katalogi wenye mchoro unaweza kuambatanishwa kuonyesha kipuri ni nini na kinafanya kazi gani, pale ofisa na wakala wanapobishana.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005 ukiwa na viwango vitatu, asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Kiwango cha kila fungu hurekebishwa katika bajeti, hivyo kiangaliwe katika kitabu cha mwaka husika. Wafanyabiashara wadogo wanaotumia cheti cha asili kilichorahisishwa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wakumbuke kuwa cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Pedi zilizoundwa Japani au China hazipati asili ya Afrika Mashariki kwa kupitia Kariakoo.

Hesabu ya kosa moja

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kipuri cha dola 60 kinachotoka Dar es Salaam kwenda kwa lori lililokwama Tunduma. Usafiri wa basi ni dola 5, na kila siku ya kulala lori humgharimu mwenyewe dola 100. Kikifika sahihi baada ya siku mbili, jumla ni dola 265. Kikifika siyo, kikarudishwa na kingine kikaletwa, lori limelala siku sita. Hapo kuna dola 600 za kulala, dola 15 za mabasi matatu, na 60 za kipuri, jumla 675, iwapo muuzaji atakubali kubadilisha bila kukata. Kosa limegharimu dola 410, karibu mara saba ya bei ya kipuri chenyewe. Kila mmoja aweke takwimu zake mwenyewe, lakini picha haitabadilika sana.

Namna ya kuandika oda

Oda nzuri inatoshea kwenye ujumbe mmoja wa simu. Iwe na mambo haya:

1. Namba ya chesisi kamili, na picha ya kibati.
2. Aina ya injini iliyopo sasa, ikiwa ilibadilishwa.
3. Mwaka na mwezi wa kuundwa kama ulivyoonekana kwenye katalogi.
4. Namba ya kipuri, na namba iliyoirithi kama ipo.
5. Jina la kawaida, upande na mahali: mbele kulia, nyuma kushoto.
6. Idadi, na vidogo vinavyoandamana.
7. Ngazi unayotaka: boksi la kampuni ya gari, au mbadala wa jina gani.
8. Makubaliano ya kurudisha endapo namba haitalingana.

Kabla ya kutuma fedha, muuzaji atume picha ya boksi na ya kipuri chenyewe, namba ikisomeka. Mzigo ukifika, linganisha namba kabla dereva wa basi hajaondoka. Muuzaji aliyepewa namba na akaleta kingine hana pa kujitetea. Aliyepewa jina tu atasema alileta alichoambiwa, na mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Mwenye magari kadhaa afungue daftari au faili ya kompyuta yenye ukurasa kwa kila gari, na namba za vipuri vinavyoisha mara kwa mara: filta, pedi, mikanda, beringi za hab, sili, diski ya klachi. Kazi hiyo huchukua jioni moja kwa gari. Nakala moja ikae ofisini na nyingine kwa dereva, ili gari likikwama usiku mahali pasipo na mtandao, namba iwepo tayari na kinachobaki kiwe kupiga simu.